Kumi na Moja Katika Namba ya Nyumba

Kwetu Idi haikuanza kwa pilau. Ilianza kwa namba. Wanaume wakisharudi kutoka msikitini, viatu vimejaa tope kwa sababu mvua ya Tukuyu haiheshimu sikukuu ya mtu, tulijipanga sebuleni wakubwa kwa wadogo, na mama yangu akauliza, "Nyumba ni ya ngapi?" Tukaitikia kwa pamoja: milioni moja, laki nne, elfu arobaini na moja, mia nne arobaini. Hapo ndipo masinia yalipoletwa. Aliyekosea alianza upya peke yake, sisi wengine tukimsubiri na harufu ya bizari ikitutesa, na baada ya hapo alizomewa hadi jioni.

Majirani zetu Wakristo, waliokuja kula Idi kwetu kama sisi tulivyokwenda kula Krismasi kwao, walidhani tunataja bei. Mmoja wao aliwahi kumwambia mama kwamba kwa nyumba yenye mabati ya kutu namna ile, milioni moja na ushei ni kujipendelea. Mama alicheka sana, akamwongezea nyama, na hakumweleza kitu.

Haikuwa bei. Babu yetu, mzaa baba, alikuwa akiuza chumvi na vitambaa, na alijenga nyumba hiyo karibu na soko. Alipofariki, warithi hawakutaka kuiuza wala kuikata. Waliiacha nzima, wakaigawa kwa hesabu tu. Sheria yetu ya mirathi inajulikana: marehemu akiacha watoto, mjane wake anapata thumuni, yaani sehemu moja katika nane, mama yake, kama yu hai, sudusi, moja katika sita, mume aliyefiwa na mkewe anapata robo, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume sehemu mbili, wa kike moja. Babu aliacha mjane, wana wawili na binti mmoja. Mjane anadai nane, watoto wanadai tano, na nane mara tano ni arobaini. Basi nyumba ikawa na vipande arobaini ambavyo hakuna jicho lililoviona, na kila mtu alijua vyake.

Ingekuwa ni hivyo tu, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini watu walikufa kabla ya kugawana. Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, alikufa wa kwanza, akafuata bibi, akafuata baba yangu, akafuata shangazi. Kila aliyekufa, fungu lake lilitakiwa kugawanywa kwa warithi wake, na ili pasitokee kipande kilichovunjika mkononi mwa mtu, namba nzima ilibidi ikuzwe. Kazi hiyo aliifanya maalimu wa madrasa, mzee mwembamba aliyeijua elimu ya mirathi kama mama anavyoujua mchuzi. Msiba ukiisha alikuja na chaki, akaandika kwenye mlango wa stoo, akafuta, akaandika tena, na alipoondoka tulikuwa na namba mpya ya kukariri. Nilipokuwa mdogo kabisa ilikuwa elfu kumi na tano, mia nane arobaini. Kifo cha baba yangu kikaizidisha kwa kumi na tatu, kwa kuwa aliacha wana wanne na mabinti watano. Kifo cha shangazi kikaizidisha kwa saba, kwa wana wake wawili na mabinti watatu. Hapo ikafika milioni moja na hayo mengine, ikatulia, na maalimu naye akafa.

Mimi ni kitinda mimba wa baba yangu, na ninafundisha hisabati sekondari. Sijui kama ile namba ndiyo iliyonipeleka huko. Najua tu kwamba nilipoanza shule nilishangaa kukuta watoto wanaoogopa namba kubwa, kwa maana kwetu namba kubwa ilikuwa kitu cha kuitwa kabla ya kula.

Sasa mwaka juzi nyumba ilianza kutushinda. Boriti za upande wa nyuma zilioza, mabati yakawa yanaleta maji chumbani kwa mama, na watoto wa baba mkubwa wakasema wakati umefika wa kuuza kiwanja na kugawana. Kwetu watoto wa ndugu wawili ni ndugu, kwa hiyo nawaita kaka zangu, na mkubwa wao ndiye mkuu wa ukoo: mzee wa swala tano, mkali, anayeweza kukutazama mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Aliniagiza niandae mafungu ya kila mtu. Nilifurahi, sikatai. Katika ukoo ambao mwalimu wa hisabati hukumbukwa tu wakati wa kugawa nyama, hatimaye nilikuwa na kazi ya maana.

Maalimu alitufundisha jumla tu, mafungu aliondoka nayo kichwani. Ikabidi nianze mwanzo, kifo kwa kifo. Nilimuuliza kaka mkubwa baba yake aliacha watoto wangapi. "Sisi ni watano," akasema, "wanaume watupu." Alisema hivyo akiangalia ukuta. Nikahesabu Jumamosi nzima, na jibu langu likawa laki sita, elfu hamsini na tano, mia mbili.

Nilirudia. Likaja lilelile. Nilirudia kwa njia nyingine, na likaja tena lilelile, nikaona hakuna ubishi: maalimu, Mungu amrehemu, alikosea, na sisi tumekuwa tukiimba kosa lake kila Idi tangu mimi ni mtoto. Nilimwambia mama hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mama yangu ana zaidi ya miaka themanini na hapandishi sauti. Alinitazama, akasema maalimu hakukosea, akageukia upande wa ukuta. Siku hiyo hakusema nami tena neno lolote, hata la kuomba maji.

Nilikasirika. Nikaketi dirishani, mvua inanyesha, mlima Rungwe umefichwa na ukungu, nikaamua kuipasua ile namba ya maalimu nione ubovu wake uko wapi. Niliigawanya kwa mbili, ikagawanyika. Kwa tatu, ikagawanyika. Kwa nne, tano, sita, saba, ikagawanyika, bila baki. Nikaendelea, sasa si kwa hasira tena. Nane, tisa, kumi. Kila namba niliyoigusa ilikubali. Ilipita kumi na mbili, ikapita kumi na tano, ikapita kumi na sita. Kumi na saba ndiyo ya kwanza kugoma. Nilihesabu vigawo vyake vyote, nikapata mia mbili themanini na nane, na nilipotafuta vitabuni nikakuta kwamba tangu moja hadi kufikia pale hakuna namba hata moja yenye vigawo vingi kiasi hicho. Kati ya namba zote ndogo kuliko yenyewe, milioni na laki zote hizo, yetu ndiyo inayogawika kwa njia nyingi kuliko zote. Tulikuwa nayo sebuleni, tukiitumia kuamsha hamu ya pilau.

Lazima niseme jinsi hilo linavyomshika mtu kama mimi. Kuna namba wanayoijua wataalamu, inayopatikana ukiizidisha mbili kwa mbili zaidi ya mara milioni na kisha ukaongeza moja. Wamethibitisha kwamba si namba tasa, yaani ina vigawo, imetokana na namba nyingine zilizozidishwa. Lakini mara ya mwisho niliposoma, hakuna mwanadamu aliyekijua hata kigawo chake kimoja. Wanajua ina wazazi, hawajui ni akina nani. Wanafunzi wangu nikiwasimulia hucheka, mimi huwa sicheki. Na hii yetu, kinyume chake, ilikuwa wazi mbele yangu, kila kilichomo kinatoka kikiitwa.

Kwa hiyo nikaviita vigawo tasa vyake, kimoja kimoja. Mbili iliyojirudia mara tano na tatu iliyojirudia mara mbili: hizo ni thumuni za wajane, sudusi ya bibi, robo ya mume wa shangazi, na mafungu matatu ya bibi kwa baba na shangazi. Tano: wana wawili na binti mmoja wa babu. Saba: watoto wa shangazi. Kumi na tatu: sisi wa baba. Ikabaki kumi na moja.

Kumi na moja sikuwa nayo mahali popote. Nilifanya jaribio la shuleni, lile la kuruka tarakimu: unajumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, kisha zilizobaki, na zikilingana, kumi na moja imo. Moja, nne, nne, sifuri, ni tisa. Nne, moja, nne, ni tisa. Imo. Katika hesabu yangu ya laki sita haikuwemo. Mahali pake palikuwa na tano ya pili, kwa ajili ya kaka zangu watano. Basi kumi na moja ilitoka nyumbani kwa baba mkubwa. Na hapo mkono ulisimama juu ya karatasi. Mwana wa kiume ana sehemu mbili. Wanaume watupu, wawe watano au hamsini, sehemu zao hazikosi kuwa shufwa. Kumi na moja ni witiri. Ili itokee ni lazima awepo mwanamke. Wanaume watano ni kumi, na moja zaidi ni binti.

Nilikuwa na dada mwingine, nisiyemjua. Nilikaa pale na baridi yote ya Tukuyu, nikihisi joto usoni. Hakuna aliyeniambia, wala picha sikuwahi kuiona. Namba ilimtoa yenyewe, tena kwa ukamilifu: mtu mmoja, mwanamke, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa hai baba yake alipokufa.

Nilimwendea mama chumbani, nikamuuliza. Akanieleza, polepole, akipumzika katikati. Baba mkubwa alipofariki, baba yangu ndiye aliyewalea watoto wake. Binti, aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa kabla ya kaka zake wote, alipokuwa mkubwa alimpenda kijana mkulima wa Suma, Mkristo. Akaolewa naye, akabatizwa. Baba yangu alikata shauri jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba, na kweli halikutajwa, hata na kaka zake wa tumbo moja. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini kubatizwa kwake kulikuja baadaye. Baba yake alipokufa alikuwa binti wa Kiislamu katika nyumba ya Kiislamu, na fungu lake lilikuwa limeshaingia. Maalimu hakuwa mtu wa kufuta fungu la mtu kwa sababu watu wamenuna.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia hata baada ya baba kufa.

"Baba yako alinikataza kulitaja jina lake," mama akasema. "Namba hakuikataza."

Mama hajui kugawanya. Aliniambia maalimu alimweleza jambo moja tu, kwamba watu wote wamo humo, na ukimtoa mmoja namba yote inaharibika. Basi yeye akaamua haitaharibika. Kila Idi, mbele ya baba yangu akiwa hai, na mbele yetu baada yake, alihakikisha tunaitamka yote. Nilikasirikia marehemu baba yangu, jambo ambalo si zuri, nikamkasirikia kwa siku kadhaa. Halafu nikakumbuka kwamba naye alikuwa akiitikia. Aliyekataza jina alikuwa akimtaja kila mwaka kwa mdomo wake, na nadhani hakujua.

Nilikwenda Suma kwa bodaboda, na niliogopa njia nzima, si kwa sababu ya utelezi. Ningemwambia nini mtu huyu? Kwamba nimemkuta ndani ya milioni moja na nusu hivi? Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba, akimenya ndizi za kupika kwa kisu kidogo, mama mrefu mwenye paji la uso la kaka zangu. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Kisu kilisimama. Akanionyesha kigoda, akasema, "Ndaga, mdogo wangu, karibu," asante ya Kinyakyusa, kama mtu aliyesalimiwa na jirani, akaendelea kumenya. Tulizungumza kwanza mvua, parachichi, miguu yake, mumewe aliyefariki, watoto wake wanane. Alinipa chai ya maziwa na magimbi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na nikawa sina la kufanya na maandalizi yangu.

Ndipo yeye mwenyewe, macho yakiwa kwenye ndizi, aliposema, "Elfu kumi na tano, mia nane arobaini."

Ilikuwa namba ya utotoni mwangu, ile ya kabla ya kifo cha baba. Alikuwa ameondoka nayo siku aliyoolewa, na akawa anaisema peke yake akimenya ndizi, na kanisani Jumapili, na shambani Jumatatu, miaka yote hiyo. Akaniambia anajua si hiyo tena. Watu hufa, namba hukua. Akaniuliza sasa imefika ngapi. Nikamwambia. Akairudia polepole, akiipima.

"Basi mmezikana sana," akasema. Kisha akauliza kile ambacho nadhani alikuwa akikiuliza tangu ujana wake. "Na humo ndani, mimi nimo?"

"Umo, dada," nikamwambia. "Yako inaingia ndani ya yetu mara tisini na moja, bila baki."

Hakunielewa, wala haikuwa lazima anielewe. Aliinamisha kichwa juu ya beseni la ndizi na kulia taratibu, na mimi nikachukua kisu nikamenya zilizobaki, vibaya sana, maganda manene. Aliniambia hataki nyumba wala kiwanja. Alichotaka ni kaka zake wajue kwamba anajua wapo, na wao waseme kwamba yupo. Niliondoka na mkungu mzima wa ndizi na mzigo huo.

Wiki hiyo nilikuwa nikiitazama namba hata ninaposahihisha madaftari. Nilikuwa bado sijaona kilicho kizuri kuliko vyote. Saba, kumi na moja na kumi na tatu, nyumba tatu za ndugu watatu, ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe unapata elfu moja na moja. Namba yoyote ndogo ukiizidisha kwa elfu moja na moja, inajirudia. Kilichobaki katika namba yetu ukiziondoa hizo ni elfu moja mia nne arobaini, sawa na dakika za usiku na mchana mmoja. Izidishe kwa elfu moja na moja, na ndiyo ile nne na arobaini, nne na arobaini, tuliyokuwa tukiiitikia sebuleni. Ndiyo maana watoto wasiojua kusoma waliikariri. Mdundo wake ulitoka kwake yeye. Bila dada, namba ile isingeshikika kichwani mwa mtu.

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya swala, sebuleni, katikati ya beseni mbili za kukinga matone. Sikumtaja dada. Nilisema nina namba mbili, wao wachague nigawe kwa ipi, nikawasomea ya kwanza: laki sita, elfu hamsini na tano, mia mbili. Wadogo walitazamana. Kaka mkubwa aliijaribu mdomoni, ikamgomea, akasema hiyo haijui, na hataki kuisikia. Namba ya nyumba ni ile ile aliyoiacha maalimu.

Nikamwambia ni sawa, kaka, lakini ile haikai bila kumi na moja. Nikaeleza kumi na moja inatoka wapi. Nilieleza kwa upole kuliko ninavyowaeleza wanafunzi, na sikutaja jina, nilisema tu wanaume watano ni kumi. Mama alikuwa ameketi mlangoni na kanga yake kichwani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kaka mkubwa alikuwa amefumba macho, na nilidhani atanifukuza.

"Ana watoto wangapi?" akauliza.

Nikamwambia wanane, wa kiume watano, wa kike watatu. Wote wamebatizwa. Sheria ya mirathi haikumtaka awahesabu watoto hao, na yeye anaijua kuliko mimi na kuliko wote waliokuwemo mle. Akainua mkono wake, akaanza kuhesabu kwa vidole kama walivyohesabiwa watu wote wa nyumba ile: wa kiume mbili mbili, kumi, wa kike moja moja. "Kumi na tatu," akasema, akanitazama. "Fungu la mama yao kwa baba yetu ni ngapi?"

Lilikuwa elfu thelathini na mbili, mia nne themanini na saba. Niligawanya kwa kumi na tatu pale pale nyuma ya bahasha, nikarudia kabla ya kufungua mdomo. Elfu mbili, mia nne tisini na tisa. Nikamwambia haibaki kitu.

"Basi wanaenea," akasema. "Waambie waje naye."